Sindano Kumi na Mbili za Asubuhi

"Hivi nani alianza kukohoa humu ndani?"

Mama Fagio aliuliza hivyo asubuhi ya Jumatano, hata kabla hajakaa sawasawa kwenye kigoda chake. Aliuliza kwa utani tu. Alikuwa ametoka kufagia soko, kazi anayoianza kabla jua halijachomoza, na mabega yake yalikuwa na vumbi jeupe kama la unga. Alipoingia kwa fundi wa nguo alikuta vikohozi viwili vinapokezana: kimoja cha fundi mwenyewe, nyuma ya cherehani, na kingine cha mama mkwe wake, aliyekaa dirishani na sketi mapajani.

Fundi hakuinua macho. "Nani mwingine kama si wewe na vumbi lako? Kila siku unatuletea gunia zima la soko."

Wakacheka wote watatu. Mama Fagio ndiye aliyecheka kuliko wenzake, mpaka na yeye akakohoa kile kikohozi chake kikavu ambacho mtaa mzima ulikijua kwa miaka, na hapo wakazidi kucheka.

"Basi nishtakini," alisema, akijipangusa macho kwa upindo wa kitambaa cha kichwani. "Nitakwenda mahakamani na ufagio wangu uwe shahidi."

"Utafungwa wewe na ufagio wako," mama mkwe akamjibu. "Sogea hapa, unanizibia mwanga."

Kigoda kilikuwa cha Mama Fagio mwenyewe. Alikileta zamani kutoka kwake, mlango wa tatu, kwa sababu alisema viti vya fundi vinamvunja mgongo, na kikabaki palepale kati ya dirisha na cherehani. Hakuna mwingine aliyekikalia. Hata mteja akija na kukuta nyumba imejaa, alisimama.

*

Aliyeanza alikuwa fundi. Alijua siku na alijua saa. Ijumaa alisimama muda mrefu dukani kwa wauza vitambaa wa jumla, watu wamebanana, kila wa tatu anapiga chafya. Jumapili akaamka mwili mzima unauma kama aliyepigwa na watu, koo linawasha, kichwa kizito. Hakumwambia mtu. Alimeza vidonge viwili vya maumivu, akasali kama kawaida, akaketi kwenye cherehani.

Sketi za shule zilikuwa mia moja na ishirini. Mwalimu mkuu alikuwa ametaja tarehe ya kuzichukua, na alikuwa mtu wa maneno machache. Mashine ilishona pande na kiuno. Pindo za chini na vifungo zilikuwa kazi ya mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa mama mkwe. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza tena kuona tundu la sindano, lakini vidole vyake havikuhitaji macho. Pindo alizokunja yeye zilinyooka kuliko za watu wenye miwani.

Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya chai, fundi alimtungia sindano kumi na mbili. Alikata uzi, akaulowesha ncha mdomoni, akaubana kwa meno ya mbele upate kunyooka, akautumbukiza tunduni, akachomeka sindano kwenye kipande cha sponji. Kumi na mbili zilimtosha mama hadi adhuhuri. Naye mama, kwa mazoea ya tangu ujana, kila alipochomoa sindano aliuvuta uzi wote katikati ya midomo yake kabla ya kufunga fundo, na mshono ulipokwisha aliukata uzi kwa meno. Mkasi ulikuwepo. Mama alisema mkasi ni wa watu wasio na meno.

Jumatatu ile fundi alikuwa na homa. Alijua kwamba mama mkwe akisikia kikohozi atauliza, na akiuliza atamwambia alale, na akilala sketi hazitakwisha. Na zaidi ya hayo, alijua wifi yake atasikia. Wifi alikuwa karani katika ofisi ya maji, ana nyumba nzuri yenye kochi la kona, na kwa mwaka mzima alikuwa akisema neno lile lile: mama amezeeka, mama anafanyishwa kazi, mama aje akae kwangu apumzike. Akisikia nyumba ina ugonjwa atakuja na gari siku hiyohiyo.

Fundi alikwenda dukani kwa jirani akanunua pipi za kifua, zile zenye ubaridi wa mnanaa. Aliiweka moja shavuni ili kikohozi kilale, akaanza kutunga sindano. Uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Mama alichomoa sindano ya kwanza, akauvuta uzi midomoni. Akasita kidogo. Akaramba midomo. Halafu akafunga fundo na kuanza kushona.

*

Alhamisi mama hakutoka kitandani. Homa, pua, mwili. Fundi alimpa vidonge vilevile alivyomeza yeye, akamkanda miguu kwa maji ya uvuguvugu, akamwambia, "Mafua tu haya mama, yatapita." Na kweli kufikia Jumapili yalikuwa kama yamepita. Mama alikaa, akanywa chai, akaulizia sindano zake. Fundi alimshukuru Mungu kwa sauti. Mwenyewe alikuwa amepona, amebaki na kikohozi cha hapa na pale tu.

"Nitungie sita," mama alisema. "Leo nusu siku."

Akatunga sita. Mama akashona pindo mbili na kulala.

Jumanne, mchana mweupe, Mama Fagio alikuja kama kawaida, akamwinamia mwenzake kitandani, kisha akamwita fundi kwa sauti ambayo haikuwa yake. Mama alikuwa anapumua haraka haraka kama mtu aliyekimbia. Midomo imebadilika rangi. Macho yako wazi lakini hayamtazami mtu, na mikono yake ilikuwa inashona. Hakukuwa na sindano wala kitambaa. Kidole na gumba vilishikana, vikapanda, vikashuka, vikavuta uzi usiokuwepo mpaka kwenye midomo.

"Tafuta teksi," Mama Fagio alisema. "Usivae kiatu, kimbia!"

Yeye ndiye aliyembeba mama hadi garini, mwanamke mfagiaji mwenye mikono kama ya mwanamume, na ndiye aliyekaa naye kiti cha nyuma, kichwa cha mgonjwa kifuani pake, njia nzima akimwambia, "Pumua mwenzangu. Pumua, tunafika. Pumua."

*

Hospitalini benchi la korido lilikuwa limejaa. Kila aliyekaa alikuwa ameegemewa na mtu: mzee ameegemea mwanawe, mtoto mchanga ameegemea bega la mama yake, na sauti iliyotawala pale ilikuwa moja tu, kifua kinavyokwaruza. Muuguzi aliwapa kikaratasi chenye namba. Alipomwona mama akabadili mawazo, akavuta kitanda cha magurudumu.

"Mbona mmemleta amechelewa hivi?" alisema mbele ya benchi zima. "Siku ngapi yuko hivi?"

"Alikuwa amepata nafuu, sista," fundi alisema.

"Wote walikuwa wamepata nafuu."

Benchi zima likatazama chini.

Mama Fagio alibaki na mgonjwa mpaka alipowekewa hewa ya mashine, kisha akaaga, maana zamu ya jioni ya sokoni ilikuwa inamngoja. Wifi alifika dakika chache baadaye, kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. Hakumsalimia fundi. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamshika uso, akarudi na macho mekundu.

Daktari alikuwa msichana, umri wa kuweza kuwa binti wa yeyote kati yao. Aliongea taratibu, kama mtu aliyekwisha kusema maneno yaleyale mara nyingi siku hiyo.

"Ni nimonia. Inaelekea alianza na mafua makali. Kwa kijana mwenye nguvu yanaweza kuishia kitandani siku tano, akainuka. Kwa mtu wa umri wake, na sukari aliyonayo, hayaishii puani. Yanashuka kifuani, mapafu yanashindwa kazi. Kila mwaka msimu huu ni hivi. Mnaona wenyewe vitanda." Akafungua faili. "Alichanjwa chanjo ya mafua?"

Fundi alikumbuka. Miezi miwili nyuma mhudumu wa afya wa mtaa alipita na daftari, akiandika wazee na wenye sukari. Mama akamtania: mimi nashinda na sindano kutwa, bado mnanitafutia nyingine? Na fundi akacheka, akasema, muandike tu, tutakuja Jumanne. Jumanne ile kulikuwa na magauni ya harusi. Hawakwenda, wala Jumanne iliyofuata.

"Hapana," alisema.

"Sawa. Nyumbani nani alitangulia kuumwa?"

Swali lilikuwa lilelile. Fundi alihisi wifi amegeuka kumtazama. Angeweza kusema, neno lenyewe lilikuwa moja tu, tena fupi. Alilisikia limefika kwenye ulimi. Halafu akasikia sauti yake mwenyewe inasema jambo jingine.

"Kuna jirani yetu, mfagiaji wa soko. Anakohoa siku zote. Ndiye anayekaa naye kila asubuhi."

Yalikuwa ni yaleyale aliyoyasema Jumatano, kasoro kicheko.

"Huyo aje apimwe kifua," daktari alisema huku akiandika, akaenda kitanda kingine.

*

Wifi hakungoja. Asubuhi iliyofuata alifika nyumbani kwa fundi na chupa ya dawa ya kuua vijidudu, akafungua madirisha yote, akapangusa vitasa, kitanda, meza ya cherehani. Alipofika kwenye kigoda aliuliza, "Hiki cha nani?" Fundi akamwambia. Wifi akakibeba kwa vidole viwili, akakitoa mpaka kwenye ngazi ya mlangoni, akakimwagia dawa mpaka kikabadilika rangi.

Ilikuwa saa ya maji. Wanawake wa mtaa walikuwa kwenye foleni ya bomba, ndoo miguuni, umbali wa kusikia. Ndipo Mama Fagio akatokea, ametoka kazini, anakuja kuulizia hali ya mwenzake.

"Mama, usiingie humu," wifi alisema.

"Kuna nini mwanangu? Amekuwaje?"

"Amewekewa mashine ya kupumulia. Umemkoholea mama yangu mpaka amelazwa. Mtu unajua una kifua kibovu, unakuja kumkalia mgonjwa wa sukari usoni kila siku. Huna hata aibu?"

Mama Fagio alitazama kigoda chake kinavyochuruzika. Alitazama nyuma ya wifi, ndani, ambako fundi alikuwa amesimama na kitambaa cha kupangusia mkononi, maji yanamdondoka miguuni. Alimtazama kwa muda wa kutosha mtu kusema neno.

Fundi akageuka, akaanza tena kupangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

"Haya," Mama Fagio alisema. Alichukua kigoda kilichoroa, akakiweka kiunoni kama mtoto, akaenda zake. Alipopita kwenye bomba, mwanamke mmoja alisogeza ndoo yake. Kisha wa pili.

Habari ilifika sokoni kabla yake. Kesho yake msimamizi wa soko alimkuta na ufagio mkononi, akamwambia akiwa amesimama mbali kidogo, "Mama, wauza mboga wanalalamika. Nenda nyumbani kwanza. Ukileta cheti cha hospitali kwamba huna ugonjwa, utarudi."

"Na malipo ya siku zangu?"

"Siku utakazokuwepo ndizo siku zako."

*

Mume wa fundi alikuwa dereva wa lori, yuko safari ya mbali. Alipiga simu kila mchana, sauti inakatika.

"Dada ameniambia ni Mama Fagio. Kweli?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Yule mama? Aisee. Mtu mwema vile."

"Mtandao unasumbua," fundi alisema, ingawa alimsikia vizuri kabisa.

Alishindwa kusali. Hilo ndilo lililomtisha kuliko mashine ya hewa. Miaka yote hakulala bila kupiga magoti, na sasa alipiga magoti na maneno yakasimama. Alitaka kumwomba Mungu amponye mama, lakini kila alipofungua kinywa aliona kwamba kabla ya kujibiwa ataulizwa kwanza, na swali atakaloulizwa analijua. Basi alinyanyuka bila kusema amina.

Siku ya tano mama alitolewa mrija mkubwa, akabaki na ule mdogo wa puani. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inavyokunjwa. Neno la kwanza lilikuwa, "Mwenzangu yuko wapi?"

Wifi alikuwa anamnywesha maji kwa kijiko. "Mama, usimtaje yule. Yeye ndiye aliyekuletea haya. Nimemkataza asikanyage tena."

Mama aligeuza macho polepole mpaka yakamfikia fundi, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda. Fundi akatazama chupa ya dripu. Tone moja likadondoka. Likadondoka la pili. La tatu.

"Basi," mama alisema, akafumba macho.

Jioni ileile, saa ya kutazama wagonjwa, fundi alipofika langoni alimwona Mama Fagio ng'ambo ya barabara, amevaa gauni lake la kutokea, chupa ya chai kwapani. Hakujaribu kuvuka. Alisimama tu anatazama madirisha ya ghorofani, kama anahesabu ni lipi. Fundi alijificha nyuma ya watu wanaoingia.

Na siku iliyofuata mwalimu mkuu alikuja mwenyewe. Fundi alimpokea mlangoni, akaanza kueleza kwa haraka: sketi thelathini na moja bado pindo, mgonjwa, hospitali, anaomba radhi.

"Fundi, tulia," mwalimu mkuu alisema. "Ungenipigia tu. Shule yenyewe tumesogeza mbele wiki mbili. Nusu ya walimu wako kitandani na mafua. Sketi hata ukinipa leo hazina wa kuzivaa."

Alipoondoka, fundi alikaa kwenye cherehani. Sponji ilikuwa palepale, na sindano tatu zilizobaki zimechomekwa, kila moja na uzi wake. Alizitazama hadi vivuli vikahama upande wa pili wa chumba.

*

Mama aliruhusiwa siku ya kumi na tatu. Alirudi amepungua, mifupa ya mabega imesimama, na kutoka garini hadi dirishani alipumzika mara nne. Daktari alisema mapafu yatachukua miezi, na huenda yasirudi kama zamani. Fundi alimwekea sketi mapajani, kwa mazoea tu, au kwa kumfurahisha. Vidole vilishika upindo, vikatetemeka, vikauachia.

"Nimekuandalia chumba," wifi alisema. "Kesho tunahama, mama."

"Kesho ni kesho. Leo niitieni mwenzangu."

"Mama, tumeshazungumza..."

"Nimesema niitieni."

Haikuhitajika kumwita. Mama Fagio alikuwa amekwisha kuliona gari. Hodi yake ilisikika mlangoni, na aliingia bila kungoja karibu, kigoda mkono mmoja, karatasi mkono wa pili. Kigoda kilikuwa na mabaka meupe ya dawa. Alikiweka mahali pake, kati ya dirisha na cherehani, akakaa, akamshika mwenzake goti.

"Umekonda, mwenzangu. Umekuwa kama uzi."

"Na wewe vumbi limekutoka. Umekuwa bibi harusi."

"Sina soko la kufagia. Nitalitoa wapi vumbi?" Akamgeukia wifi, akamnyooshea karatasi. "Mwanangu, macho yangu na maandishi hayapatani. Nisomee, wote tusikie."

Wifi alisoma. Mwanzo kwa sauti ya ofisini, halafu sauti ikashuka. Mpimwaji hana maambukizi. Kikohozi cha muda mrefu, kinatokana na vumbi la kazini. Hawezi kumwambukiza mtu. Mhuri na sahihi.

"Siku tatu nilikaa kwenye lile benchi ili niipate hiyo," Mama Fagio alisema.

"Nisamehe, mama," wifi alisema, na machozi yalikuwa ya kweli. "Sikujua. Nilikuwa na uchungu wa mama yangu. Nitakwenda mwenyewe kwa msimamizi wa soko nimweleze."

"Utakwenda, asante. Lakini sikuja kwa hilo. Nimekuja na swali langu lilelile la siku ile, maana halikujibiwa. Tulilicheka tu." Hakumtazama yeyote. Alikuwa anasugua baka moja la kigoda kwa kidole gumba. "Nani alianza kukohoa humu ndani?"

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya cherehani. Alishika gurudumu la mashine lisizunguke.

"Mimi," alisema.

Neno lilipokwisha kutoka, mengine yakalifuata yenyewe.

"Ni mimi. Jumapili nilishaumwa. Niliweka pipi mdomoni nisikohoe, nikatunga sindano kwa mdomo uleule, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Daktari aliponiuliza nikakutaja wewe. Wifi alipomwaga dawa nilikuwa nimesimama pale na sikusema kitu. Niliogopa sketi, nikaogopa mama kuchukuliwa. Mungu ananiona."

Wifi alifungua mdomo. Mama mkwe aliinua mkono, mkono mwembamba wenye alama za dripu, akamnyamazisha. Kisha akaunyoosha kwa fundi.

"Njoo hapa mwanangu. Usilie. Nilijua."

Fundi akamtazama.

"Uzi ulikuwa na ladha ya pipi," mama alisema. Ilibidi apumzike kati ya maneno. "Sindano ya kwanza tu, Jumatatu, nikaionja. Nikasema, mtoto huyu anaumwa, hataki kusema. Na mimi nikisema, kazi itasimama. Kazi ikisimama, nitapelekwa kukaa kwenye kochi, natazama ukuta, nangoja kufa. Nikaona bora nishone." Akapumua. "Tulikuwa wawili. Si peke yako. Usijibebeshe peke yako."

Fundi alipiga magoti, akaweka uso kwenye mapaja ya mama mkwe wake, juu ya sketi ambayo haijapindwa, akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu aolewe. Mama alimpapasa kichwa. Hata wifi aligeuka ukutani, mabega yanatikisika. Kilichokuwa kimekaza chumba kile kwa siku zote hizo kilikuwa kimelegea, na fundi alihisi kwamba usiku huo, akipiga magoti, maneno yatakuja.

"Umesikia, mwenzangu?" mama alisema juu ya kichwa cha fundi, akitabasamu kwa shida. "Yamekwisha. Mkwe, simama umwekee mgeni chai."

Mama Fagio hakuwa ametabasamu. Kidole chake kilikuwa kimeacha kusugua.

"Ulijua tangu Jumatatu," alisema.

"Nilijua."

"Na kule hospitali, binti yako hakukosa kukuambia kwamba ni mimi. Ulikuwa unajua."

Mama alimtazama rafiki yake. Mkono uliokuwa unapapasa ulisimama.

"Nilijua."

"Ukamwambia nini?"

Pumzi ya mgonjwa ilisikika, ikiingia na kutoka, ikikwaruza. Nje, bomba lilikuwa limefunguliwa na maji yalikuwa yanapiga ndoo tupu.

"Nilisema basi," mama alijibu.

Mama Fagio aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia na ameonyeshwa. Alichukua cheti chake mkononi mwa wifi, akakikunja mara mbili, akakitia kifuani. Akasimama. Mama alinyoosha mkono, vidole vikashika upindo wa gauni lake, lakini havikuwa na nguvu ya kushika, na upindo ukapita. Mama Fagio aliinama, akachukua kigoda chake, akatoka.